Mngurumo Juu ya Mawingu: Subaru na Wasichana Watano Wanaoruka

Sauti ndiyo inayokufikia kwanza. Msichana wa shule amekalia fimbo ndefu yenye taa mbili mbele, ameinamisha kichwa, vidole vimekaza, na kabla hajapaa injini inawaka chini yake. Injini ya gari! Hakuna gari kwenye skrini, hakuna lami, hakuna usukani. Kuna anga la usiku, nyota zimemwagika kila upande, mtoto wa kike mwenye hofu kidogo, na mngurumo unaozidi kupanda mpaka mawingu yanabaki chini. Kwetu anayeruka usiku hupanda ungo. Hawa wamepanda kitu chenye uso wa Subaru, na tangu niwaone sijatulia.

Katuni yenyewe inaitwa Hōkago no Pleiades. Ni kazi ya pamoja ya kampuni ya magari ya Subaru na studio ya Gainax ya Japani, wale waliotikisa dunia ya anime mwaka 1995 kwa Neon Genesis Evangelion. Ilianza tarehe 1 Februari 2011 kwa vipande vinne vifupi vilivyowekwa YouTube, bure kwa yeyote. Miaka minne baadaye, kuanzia Aprili hadi Juni 2015, ikarudi kwenye televisheni ya Japani ikiwa mfululizo kamili wa sehemu 12, chini ya mwongozaji Shōji Saeki. Nimeutazama mfululizo wote kwa pumzi moja, nikarudi kwenye vile vipande vinne vya mwanzo, na sasa nasema bila kusita: hili ndilo tangazo la gari lenye ujasiri kuliko yote niliyowahi kuyaona, kwa sababu hakuna hata dakika moja linapokusukuma ununue gari.

Tunajua kampuni ya gari ikipata pesa za matangazo hufanya nini. Itatuonyesha barabara ya mlimani iliyolowa mvua, dereva mwenye saa ya bei mbaya, sauti nzito ya mwanamume ikitaja asilimia za mkopo. Kijana wa miaka kumi na mitatu hayumo kwenye picha hiyo. Hana leseni, hana mshahara, hana sababu ya kusikiliza. Subaru walikwenda kumtafuta huyo huyo, na walipompata hawakumwambia habari za mkopo. Walimpa hadithi.

Na hadithi gani! Mhusika mkuu anaitwa Subaru, mwanafunzi mwenye haya, mpenda nyota, asiyeachana na darubini yake. Anafungua mlango wa chumba cha kutazamia nyota shuleni na kujikuta ndani ya nyumba ya kioo iliyojaa mimea, ambamo kijana mmoja aitwaye Minato anatunza maua. Baadaye anafungua mlango mwingine, na humo anawakuta wasichana wanne pamoja na kiumbe mdogo aliyetoka mbali mno. Mmoja wa wasichana hao ni Aoi, rafiki yake wa zamani ambaye walikwisha kupoteana. Wengine ni Itsuki, Hikaru na Nanako. Yule kiumbe wanamwita Mwenyekiti, na lugha yake anaielewa Nanako peke yake. Chombo chake cha anga kimekwama. Injini imevunjika, vipande vyake vimetawanyika huku na huku, na lazima vikusanywe kimoja kimoja.

Hapo nilisimama kabisa. Injini! Watunzi wengine wangetupa jiwe la ajabu, au taji la malkia, au kitabu cha siri. Hapa kinachotafutwa ni vipuri. Wasichana watano wamegeuka mafundi wa chombo kilichoharibika njiani, na mtu yeyote aliyewahi kuzunguka gereji za Grogan au Kirinyaga Road jijini Nairobi akitafuta kipuri kimoja tu ili gari liwake ataielewa safari yao tangu dakika ya kwanza. Hata zile fimbo wanazoruka nazo zinaitwa drive shaft, chuma kile kile kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Mbele zina taa na grili zinazokukumbusha Subaru Legacy au Impreza uliyoiona mtaani.

Kampuni haikuchukua wachawi wa mtindo wa siku hizo na kuwabandika nembo. Ilichimba kwenye mizizi yake yenyewe. Subaru ni jina la Kijapani la Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima na mabaharia wa pwani yetu wamekitumia tangu enzi kujua majira. Nembo ya gari ina nyota sita: moja kubwa, tano ndogo. Hizo tano ndogo ni kampuni zilizoungana mwaka 1953, na ile kubwa ni Fuji Heavy Industries iliyozaliwa kutokana nazo, kampuni ambayo mwaka 2017 ilibadili jina na kujiita Subaru moja kwa moja. Sasa nenda nyuma zaidi. Kabla ya magari, kabla hata ya Subaru 360 ya mwaka 1958 iliyowapa Wajapani wa kawaida gari dogo la familia, ukoo huu ulikuwa wa Nakajima, watengenezaji wa ndege. Ndege! Kumbe wale wasichana wanaopaa hawajapewa mabawa ya kuazima. Kampuni imerudi angani ilikotoka.

Nimewahesabu pia. Wasichana watano, na pembeni yao Minato, kijana ambaye hatujui kama ni rafiki au adui. Jumla sita. Watunzi hawasemi popote kwamba hiyo ndiyo nembo ya gari imesimama mbele yetu kwa miguu yake, lakini mimi naisoma hivyo, na kila walipokusanyika kwenye fremu moja niliiona.

Tuiseme ile injini pia, maana bila kuielewa huwezi kuelewa kwa nini mashabiki wanaitetea kwa jasho. Tangu Subaru 1000 ya mwaka 1966, kampuni hii imeshikilia muundo wa boksa: pistoni hazisimami wima kama kwenye magari mengi, zimelala ubavu, upande huu na upande ule, zikitupana nje kwa wakati mmoja. Uzito unakaa chini, gari linashika barabara kwenye kona. Na kwenye zile za turbo za zamani, mabomba ya moshi yanayotoka kwenye silinda hayakulingana urefu, kwa hiyo milio haikufika nje kwa mpangilio sawa. Ndipo ukazaliwa ule mdundo wa kukatikakatika unaotambulika hata gari likiwa mtaa wa tatu. Chapa nyingine hujulikana kwa rangi au umbo. Hii hujulikana kwa sikio, na Gainax walilijua hilo vizuri: fimbo ikiwaka, kamera haina haraka ya kuonyesha chochote, inakuacha usikie kwanza.

Sababu za kampuni kuhitaji kitu kama hiki hazikuwa ndogo. Kwa vijana wa miaka ya tisini, Subaru ilikuwa ni mbio: gari la buluu lenye magurudumu ya dhahabu likiruka vilima, Colin McRae akitwaa ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1995, kampuni ikibeba taji la watengenezaji miaka mitatu mfululizo, 1995 hadi 1997. Richard Burns akafuata mwaka 2001, Petter Solberg 2003. Kisha uchumi wa dunia ukaporomoka, na Desemba 2008 Subaru ikatangaza kuondoka kwenye mashindano hayo. Jukwaa lililowafundisha watoto jina lake likazimwa. Wakati huo huo kampuni ilikuwa inajitoa kwenye utengenezaji wa vigari vidogo vya bei nafuu, vile ambavyo kijana wa Japani huanza navyo maisha. Cha mwisho kilitoka kiwandani Februari 2012. Na magazeti ya nchi ile yalikuwa yamejaa malalamiko kwamba vijana wameyapa magari kisogo, wanaridhika na treni na simu. Ukizipanga habari hizo pamoja, unaona kampuni inayopendwa sana na watu wanaozidi kuzeeka. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 mfululizo ulipoonyeshwa mwaka 2015 alifikisha umri wa kupata leseni Japani, miaka 18, mwaka 2021. Hiyo ni mbegu ya miaka sita. Ni wangapi katika biashara ya matangazo wana subira ya kupanda hivyo?

Lakini kilichonishika zaidi si mkakati. Ni swali lililo katikati ya hadithi: kwa nini hawa watano? Hawakuchaguliwa kwa kuwa hodari au jasiri au watoto wa ukoo maalumu. Mwenyekiti amewachagua kwa sababu bado hawajawa kitu chochote. Maisha yao hayajaamuliwa, na huko kutoamuliwa ndiko nguvu yenyewe. Taratibu tunagundua kwamba hata ulimwengu walikotoka si mmoja. Kila mmoja anakumbuka mambo yaliyokwenda tofauti, na ndiyo maana Subaru na Aoi kila mmoja anaamini kuwa mwenzake ndiye aliyemwacha. Nilipofika hapo machozi yalinilenga. Kijana anasikia kila siku kuwa amechelewa: chagua masomo, chagua kazi, kuwa mtu. Kampuni ya magari inakuja kumwambia kuwa huo utupu anaouonea aibu ndio mafuta ya kumpeleka kwenye nyota.

Na wanakwenda kweli. Hii si katuni inayosema anga halafu ikazunguka juu ya paa za mji. Wanafika mwezini. Wanafukuzia kipande kwenye pete za Zohali, na hapo watunzi wanaonyesha heshima kubwa kwa akili ya mtazamaji, maana kufika si kazi. Kazi ni kulinganisha mwendo na kitu kinachozunguka, kushika njia yake, kujua ni wakati gani upunguze na wakati gani uachie. Dereva mzuri wa rali anaijua hesabu hiyo kwa matako, kama mafundi wanavyosema. Hawa wanajifunza mbele ya macho yetu, wanakosea, wanarudia, na mimi kwenye kiti nilikuwa naegemea kushoto na kulia pamoja nao!

Sehemu ya nane lazima niitenge. Ni ya Nanako, yule mkimya, mkalimani wa Mwenyekiti, msichana ambaye kwao nyumbani kuna pengo asilolizungumzia. Kipande kimoja cha injini kiko mbali sana, ukingoni mwa mfumo wa jua, na safari ya kwenda huko ni ya miezi. Anajitolea kwenda peke yake. Basi tunakaa naye. Jua linazidi kuwa dogo nyuma yake. Marafiki wanakuwa sauti, kisha sauti zinachelewa, kisha kimya. Hakuna vita, hakuna zimwi, hakuna mbio. Kuna mtoto na umbali, na injini moja inayoendelea kufanya kazi yake bila kumwangusha. Sijui kama kuna tangazo lolote la gari lililowahi kusema jambo kubwa kama hilo kuhusu chombo cha kusafiria: kwamba kinaweza kuwa mwenzako pale ambapo hapana mtu. Na hawakulitamka! Walimwacha Nanako asafiri tu.

Subaru haikuwa peke yake barabarani. Mwaka 2012 Toyota ilikwenda kwa Studio 4°C na kutoa PES: Peace Eco Smile, vipande vifupi vya kuchangamka kuhusu mgeni wa sayari nyingine anayempenda msichana wa duniani. Mwaka huo huo Mercedes-Benz, ikitaka vijana wa Japani wautazame upya ule mfano wake mdogo wa A-Class, ikawaita Production I.G, na wahusika wakachorwa na Yoshiyuki Sadamoto, mchoraji wa wahusika wa Evangelion. Mwaka 2022 Acura ikatoa Chiaki's Journey, ya dereva msichana kwenye magari yake ya kasi, mwaka ule ule ilipolirudisha sokoni jina la Integra. Zote zina michoro ya kupendeza, na ile ya Mercedes ina mwendo unaopandisha damu. Ila katika zote hizo gari limekaa mbele ya hadithi, limeng'aa, limegeuzwa pembe inayolipendeza. Ukimaliza unalikumbuka gari, wahusika wameshayeyuka. Kwa Hōkago no Pleiades nilimaliza nikiwa namkumbuka Nanako, na jina la Subaru limeshikana na moyo wangu kwa mlango wa nyuma.

Ushahidi kwamba njia hii ya mlango wa nyuma ina nguvu uko wazi, na uko mkoa ule ule wa Gunma yalipo makao ya viwanda vya Subaru. Hapo ndipo Shuichi Shigeno alipoiweka Initial D, manga iliyoanza mwaka 1995, ya kijana anayepeleka tofu mlimani kwa Toyota Trueno ya kizazi cha AE86. Lilikuwa gari la kawaida la miaka ya themanini, limeshaachwa kutengenezwa. Hadithi ikalifanya kuwa hazina ambayo watu wanaitafuta hadi leo, na Toyota ilipotoa gari jipya la michezo mwaka 2012, lililoundwa pamoja na Subaru na lenye injini ya boksa ndani yake, ililiita 86. Na mle mle kwenye Initial D, baba wa yule kijana anaishia kuendesha Impreza ya buluu. Mashabiki wa Subaru hawajaisahau fremu hiyo.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua jambo hili bila kufundishwa. McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, Burns akashinda mwaka 2000 kwa Impreza, na Patrick Njiru alikuwa ameshawafanya Wakenya waliite gari hilo la kwetu. Watoto waliosimama kando ya vumbi lile hawakuwa na hela ya kununua hata tairi. Walibeba sauti na jina. Leo ndio wenye Impreza na Forester zilizojaa Nairobi, Nakuru na Eldoret, wanaokutana wikendi kufungua boneti na kubishana hadi usiku. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, gari la mwaka 2011, ndugu wa vile vipande vinne vya YouTube, liliendelea kushuka bandarini Mombasa hadi 2018. Magari yamefika. Katuni iliyozaliwa pamoja nayo haikupanda meli hiyo, na hapo ndipo ninapopandwa na hamu ya kumsimamisha barabarani kila shabiki wa Subaru nimshike mkono.

Kasoro zipo na nazisema kwa sababu naipenda. Mavazi ya kurukia yamefupishwa na kubanwa bila sababu yoyote ya kihadithi, na mzazi atakayekaa kutazama na binti yake atajiuliza ilikuwa lazima iwe hivyo. Mambo ya Minato yanavurugika katikati; kuna wakati nilirudisha nyuma ili nijue ni yupi kati ya sura zake mbili anayezungumza. Vile vipande vya 2011 vimesongamana, vinataja mengi na kueleza machache, kwa hiyo usianze navyo. Anza na mfululizo wa 2015, na uvumilie sehemu mbili za kwanza, ambazo zinatembea polepole zikimjenga Subaru na haya yake. Kuanzia ya tatu hutaona saa. Ukimaliza ya 12 ndipo uende kwenye vile vinne, uone wazo zima likiwa bado changa, michoro ikiwa tayari na mwanga ule ule.

Gainax yenyewe haipo tena kutuongezea. Ilifilisika mwaka 2024. Kilichopo ndicho kilichopo, na kinatosha kabisa. Ninachokidai sasa ni Kiswahili. Studio za Nairobi zilichora Tinga Tinga Tales, Dar es Salaam imewalea Ubongo Kids na sauti zao, kwa hiyo waigizaji tunao, mafundi wa sauti tunao, na mashabiki wa Subaru wamejaa kutoka Kisumu hadi Mombasa. Mwenye haki za kazi hii aitoe, na mwenye duka la magari aidhamini. Mimi niko tayari kumsikia Nanako akimtafsiria Mwenyekiti kwa Kiswahili cha Tanga, hata ikiwa ni kesho asubuhi!